Risasi Zilizomjua Lugusha

Mimi risasi nazipima, sizipendi. Watu huchanganya mambo hayo mawili. Wakisikia mwanamke amekaa miaka ishirini na miwili nyuma ya bunduki hudhani ana kiu ya damu, kumbe mimi hata kuku humpa jirani anichinjie. Kazi yangu ni kufyatua risasi tano kwenye karatasi, kupima zimetawanyika kiasi gani, na kuandika. Nikimaliza aina moja naacha mtutu upoe, kisha naanza nyingine. Anayetaka visa vya ushujaa aende kwa askari.

Jumanne ile, pale uwanja wa shabaha wa Igombwe, tulikuwa na aina nne mezani. Za kwanza ni zile za kizamani zenye ncha ya mviringo, za pili za shaba, za tatu za shaba zenye ncha kali, na za nne ni hizi mpya tulizozoea kuziita wanafunzi. Umbali mita mia tatu. Bunduki ni ileile moja, namba saba, imelazwa juu ya mifuko ya mchanga ili mkono wangu usipate lawama. Upepo ulikuwa mdogo, unatoka kushoto.

Lugusha alikuwa kule mbele, kama alivyokuwa kwa miaka kumi na tisa. Yeye ni mbandika viraka. Nikishapiga tano nafungua komeo la bunduki ili isiweze kufyatua, naye anatoka kwenye kibanda chake cha zege, hatua kumi kando ya ubao, anachechemea mpaka kwenye shabaha, anapima, ananisomea kwenye redio, kisha anaziba matundu kwa vipande vya karatasi na uji wa ngano tuanze upya. Mguu wa kushoto aliuvunja ujanani alipoanguka mtini na mzinga wa nyuki, huko kwao Sikonge. Uliungwa vibaya, basi kila hatua anautupa nje kidogo kabla ya kuukanyagia.

"Mzigua," akasema kwenye redio, "hizi za kizamani zimetawanyika kama watoto wa shule kengele ikilia. Milimita tisini na mbili."

"Ni risasi au ni macho yako?"

"Macho yangu mazima. Ni nyinyi Wazigua mnatetemeka. Sijui mnamwogopa nani."

"Ngoja siku nikuzike, Mnyamwezi. Sanda nitakata nusu, nusu nyingine nijishonee gauni."

"Basi shona haraka. Ijumaa hii sipo."

Mzigua na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za mababu, na mtani ana ruhusa ya kukutania hata kwa kifo chako. Lakini hilo la Ijumaa halikuwa utani. Lugusha alikuwa anastaafu, anarudi Sikonge kwa mkewe Kalunde na mizinga yake arobaini. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa mume wa likizo tu, siku ishirini na nane kwa mwaka. Sanduku lilikuwa limeshafungwa, liko nyuma ya mlango wa chumba chake, na kila aliyepita alionyeshwa.

Za shaba zikatoa milimita hamsini na tano. Zenye ncha kali, thelathini na nane. Nikaingiza wanafunzi.

Kwa kuitazama, risasi mwanafunzi haina ajabu. Ila ukiishika utaona kwenye ncha yake jicho la kioo dogo kama punje ya ufuta, na ubavuni mapezi manne yaliyolala, ambayo hufunguka ikishatoka mtutuni. Darubini iliyo juu ya bunduki huiambia itafute nini, nayo hujirekebisha njiani. Upepo ukiisukuma, inarudi. Mkono ukitetemeka, inasamehe. Na darubini zenyewe hujifunza, kisha kila saa hupashana habari hewani, elfu tatu nchi nzima, hata kile nilichofundisha mimi asubuhi Igombwe, mlinzi wa msitu aliyeko mpakani anakuwa nacho kabla ya chai.

Nikapiga tano. Lugusha akatoka, akapima, akapima tena.

"Nne zimeingia tundu moja," akasema. "Milimita kumi na moja. Ya tano umempa nani?"

"Iko hapohapo. Tazama vizuri."

"Haipo, dada. Ila kioo cha kibanda changu kina ufa."

Kibanda kile kina dirisha la kioo kinene kama tofali, ili mbandikaji aone ubao bila kutoka. Nilipaswa kusimamisha kazi palepale. Sikusimamisha. Nilidhani ni kipande cha chuma kilichoruka kutoka kwenye fremu, na mimi ni mkaidi, nikianza kupima sipendi kuacha kati. Nikapiga kundi la pili, la tatu, la nne. Lugusha akikaa kwenye kigoda chake, chini ya dirisha, zote tano karatasini. Akisimama na kutembea kufuata chupa yake ya uji, inayofuata inapiga kioo. Hadi saa sita mchana kioo kilikuwa na nyufa tano.

"Upepo wa leo una shetani," akasema Lugusha.

Upepo hauchagui mtu, na mimi nilikuwa nimeshaanza kuogopa.

*

Mhandisi Nyakato, mmoja wa waliozibuni zile darubini, alifika Jumatano. Ni mwanamke wa miaka arobaini hivi, mpole, anayesikiliza mpaka mwisho. Ningependa niseme alikuwa na kiburi, ningepata wa kumchukia. Alikaa na darubini yangu saa mbili, ameiunganisha na kompyuta yake, kisha akaniita.

"Mama Mwajabu, komeo likiwa wazi na mbandikaji yuko mbele, wewe huwa unafanya nini?"

"Namtazama."

"Kwa darubini?"

"Ningemtazama kwa nini kingine, mita mia tatu? Ndiyo sheria ya Igombwe. Mtu akiwa mbele, jicho la mpigaji halimwachi mpaka arudi kibandani. Kabla yangu kuna mbandikaji alipigwa hapa kwa sababu mpigaji aligeuka kupokea chai."

"Viwanja vingine wanatumia taa na kengele."

"Taa zetu ziliungua, hazikuletwa nyingine. Jicho haliungui."

Nyakato akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Darubini haijui sheria yenu, mama. Sisi tuliipa kanuni moja. Kile ambacho mpigaji anakitazama kwa muda mrefu kuliko vyote ndicho anachokitaka. Imechukua muda kuwa na hakika; wiki hii imeipata."

Nikapiga hesabu, maana hesabu ndiyo kazi yangu. Karatasi huwa naitazama sekunde tatu kwa risasi. Lugusha namtazama dakika nne, mara thelathini kwa siku, na darubini hii ina miaka miwili. Nimemtazama Lugusha kuliko nilivyomtazama marehemu mume wangu. Nimemtazama ili asife.

"Ifuteni," nikasema.

"Hiyo nimejaribu tangu asubuhi. Ni kama umbea. Nikiinyamazisha hii, zile nyingine zinaisimulia upya kabla ya saa kwisha. Ili somo lifutike, darubini zote elfu tatu zizimwe siku moja, na siku hiyo misitu yote ikae bila bunduki. Nimepiga simu makao makuu. Wamesema haiwezekani."

"Kwa hiyo walinzi wa Sikonge nao wanalo somo hilo."

"Wanalo."

"Mhandisi, walinzi wa Sikonge hupiga hewani kila jioni kufukuza tembo mashambani."

Alikuwa anajua. Nilimwona usoni. Akanieleza taratibu, kama daktari, kwamba mwanafunzi akipigwa hewani anakuwa hana cha kutazama, basi hutafuta kile anachokijua zaidi. Kama Lugusha yuko ndani ya kilomita moja, na anaonekana, risasi itamfuata. Haitakuwa kwa bahati mbaya. Itakuwa imefanya kazi yake vizuri.

Nikamwambia hati ya usahihi siweki saini. Ghalani kulikuwa na masanduku ya wanafunzi laki nne yakingoja hati hiyo ili yatoke. Nyakato hakubisha. Aliuliza tu, "Kabla ya wanafunzi, risasi za misituni zilikuwa zinaua wapita njia wangapi kwa mwaka?"

"Kumi na mmoja," nikajibu. Sikuhitaji kufungua faili. "Wengi ni akina mama wa kuni."

"Na tangu wanafunzi waanze?"

"Hakuna."

Ile ya mwisho ya kizamani, iliyomuua mama wa watoto wanne akiwa ameinama kufunga mzigo wake, niliipitisha mimi kwa mkono huu. Milimita tisini na mbili, inaruhusiwa. Niliandika hivyo na nikaenda kula.

"Kwa hiyo unataka nimuuze Lugusha ninunue kumi na mmoja."

"Sikushauri kitu, mama. Mimi mwenyewe nisingejua la kufanya." Akafunga kompyuta. "Anaweza kuhamishiwa mjini. Askari wa mjini hawana bunduki hizi. Kwa sasa."

"Na mizinga yake?"

"Nyuki hawahamishiki?"

"Nyuki wanahama. Msitu hauhami."

Nyakato aliniomba nisimwambie Lugusha mpaka makao makuu waamue. Nikamwambia nimesikia, jambo ambalo si sawa na kukubali.

*

Nilimwambia Alhamisi asubuhi, kibandani kwake, nimekaa kwenye kigoda chake na yeye amesimama. Nilimweleza yote, na sehemu yangu sikuipunguza. Alicheka kwanza. Mtani akikuletea habari za kifo chako unacheka, ndivyo tulivyolelewa. Kisha akaona mimi sicheki, akaufungua mlango, akatazama nje muda mrefu.

"Kumbe siyo upepo."

"Siyo upepo, kaka."

Katika miaka kumi na tisa sikuwahi kumwita kaka. Hilo lilimshtua kuliko maelezo yote.

"Zinanijua kwa nini? Kwa sura?"

"Kwa mwendo. Sura iko mbali mno."

"Mwendo si unabadilishwa," akasema, na uso ukamchangamka. "Mwendo siyo damu, dada. Tujaribu."

Sasa niseme ukweli wangu. Nilijua ni hatari na nilikubali. Fundi alikuwa ameweka kioo kipya jana yake, kinene vilevile, na nyuma yake mtu yuko salama. Nilikubali kwa sababu nilihitaji kuwa na la kufanya. Kukaa bure na jambo lile kifuani kulikuwa kunaniua.

Mpango ulikuwa mwepesi. Mimi nalenga karatasi, yeye anatembea nyuma ya kioo. Risasi zikienda karatasini, mwendo huo ni wa salama, anarudi nao kwao. Tulianza na fimbo. Ya kwanza tu, kioo. Akaweka gazeti lililokunjwa ndani ya kiatu cha kushoto ili mguu urefuke. Kioo. Akajifunga kanga yangu kiunoni, akabeba ndoo kichwani, akatembea kwa madaha kama anatoka kisimani, na kwenye redio nikamsikia anaimba. Nilicheka mpaka machozi yakaziba darubini. Kioo.

Halafu akaja na ubao. Aling'oa ubavu wa kreti ya risasi, akaufunga kwa kamba kuanzia pajani hadi kifundoni, mguu ukawa haukunjiki kabisa. Akatembea kama mlango unaosukumwa. Nikapiga.

Karatasi.

Nikapiga tena. Karatasi. Tatu, nne, tano, zote karatasini, tundu moja. Redio ilikuwa kimya, nikadhani ameanguka. Kumbe alikuwa analia.

"Nitakwenda na ubao huu mpaka kaburini," akasema. "Kalunde atanicheka, na acheke. Nitapanda mtini nao."

"Mtini utapandaje, mguu haukunjwi?"

"Mtoto wa dada yangu atapanda. Mimi nitakuwa chini nagomba."

Nilitamani tuishie hapo. Lakini kundi moja si ushahidi. Kila mpimaji anajua hivyo, risasi tano zaweza kubahatisha. Huwa tunapiga makundi matatu. Lugusha mwenyewe ndiye aliyesema, "Tukamilishe, dada, nisije nikafia ubahili wa risasi kumi." Akatoka na ubao wake mguuni, akaenda kubandika viraka, akarudi. Nikapiga kundi la pili. Tatu karatasini. Mbili kioo.

"Umetembea vibaya," nikamwambia.

"Nimetembea vilevile."

"Kaza kamba."

Akakaza kamba. Akaenda kubandika, akarudi. Kundi la tatu, zote tano kioo, usawa wa kifua.

Nilikaa pale nyuma ya mifuko ya mchanga, jicho bado liko kwenye darubini, na taratibu nikaelewa kwa nini jicho langu liko pale. Alipotoka na ubao mguuni mara ya kwanza kwenda kubandika, nilimtazama. Aliporudi, nilimtazama. Komeo wazi, mtu mbele, jicho halimwachi. Sikuamua kufanya hivyo. Miaka ishirini na miwili mwili wangu umefanya hivyo bila kuniuliza, na siku ile, mbele ya jambo ambalo nilikuwa nalifahamu vizuri kuliko mtu yeyote duniani isipokuwa Nyakato, ulifanya tena. Nilikuwa nimeifundisha ile darubini Lugusha wa pili, Lugusha mwenye ubao, na saa moja ilikuwa imeshapita. Sikonge walikuwa wanamjua.

Nilishika redio nikashindwa kuibonyeza. Yeye akaibonyeza yake.

"Nisome?" akauliza.

"Usisome."

"Ni kazi yangu." Nikamwona kupitia kioo kilichopasuka akiinua kipimio, maana kilikuwa bado mfukoni mwake, akikiweka juu ya nyufa zile mbele ya kifua chake. Alipima mara mbili, kama ninavyotaka siku zote. "Milimita sita, Mzigua. Hujawahi kupata hivi."

*

Ijumaa asubuhi nilifika ofisini nimeshaamua. Sisaini. Wanifukuze, wampe mwingine, lakini jina langu halitakuwa chini ya karatasi ile. Nililala nimeshaandika barua ya kukataa, nusu ukurasa, maneno ya kawaida tu.

Hati ilikuwa mezani, imeshatolewa na kugongwa muhuri. Risasi aina ya nne, uwanja wa Igombwe, bunduki namba saba, mpimaji Mwajabu Semkiwa. Kundi bora, milimita sita. Shabaha, imepatikana. Darubini ilikuwa imetuma matokeo yenyewe jana jioni, na kwa kuwa mashine huchukua kundi dogo kuliko yote, ilichukua lile la kioo. Haikuona kioo wala kibanda. Iliona kitu kilichotazamwa sana na kikapigwa mahali pamoja mara tano. Malori yalikuwa yanapakiwa nje.

Nikampigia Nyakato. Alisikiliza mpaka mwisho, kama kawaida yake.

"Na saini yangu?" nikauliza.

"Mama, saini yako huwa tunaiweka kwa heshima. Mashine haiingoji. Samahani. Nilidhani unajua."

Barua yangu niliiacha mezani. Sikuichana, sikuituma. Nilitoka nikaenda chumbani kwa Lugusha, bila mpango wowote, kwa sababu sikuwa na pengine pa kwenda.

Alikuwa amekaa kitandani na simu mkononi, sanduku liko miguuni pake. Makao makuu walikuwa wameshamwandikia. Watampa chumba Dar es Salaam, ghorofa ya nne, na kazi ya kupanga mafaili kama ataitaka. Hatakiwi kukaribia msitu wowote. Barua haikusema kwa muda gani.

"Nimesikia malori," akasema.

"Ni yenyewe."

"Umesaini?"

"Sijasaini. Hawakuningoja."

Akaitikia kwa kichwa. Nilitaka anitukane. Nilitaka anitanie, aseme Wazigua ni mikosi tangu babu zao, niweze kumjibu. Badala yake akaninyooshea simu.

"Kalunde anapiga tangu alfajiri. Anataka kujua gari la saa ngapi. Mwambie wewe. Mimi nikimwambia nitamdanganya, nimwambie mwezi ujao, halafu mwezi ujao nimwambie mwingine, mpaka siku moja nitachoka nipande gari kweli."

Simu ikalia mkononi mwangu. Nikapokea.

"Baba Mayunga, mbona hupokei? Nimeazima baiskeli ya kukubebea sanduku."

"Wifi, ni mimi, Mwajabu. Wa Igombwe."

Mwanamke ambaye mumewe anafanya kazi kwenye bunduki anajua maana ya simu kupokewa na mtu mwingine. Nilisikia pumzi yake, na nyuma yake kuku, na mbali kabisa mtu anatwanga.

"Kafa?" akauliza.

"Hajafa, wifi. Yuko hapa mbele yangu. Mzima."

"Mzima kabisa?"

"Mzima kabisa. Hana hata mkwaruzo."

Akashusha pumzi ndefu, akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyetuliwa mzigo. "Umenitisha, wifi yangu. Basi kama ni mzima mpandishe gari aje nyumbani."

Nilimtazama Lugusha. Kisha nikakumbuka jicho langu limemfanyia nini, nikageuza uso ukutani, nikaanza kutafuta neno la kwanza.